Akiugua mwenye kazi mbili, nani alipe?

Mchukue mlinzi wa duka la jumla katika kata ya Nyangamara, mkoani Lindi, anayelipwa Sh 400,000 kwa mwezi. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, mchana huenda kupima na kupanga magunia katika ghala la chama cha msingi. Novemba anaugua na tabibu anampumzisha wiki 6. Mwenye duka anadai ghala ndilo lililomchosha. Ghala nalo linamwita mtu wa duka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Siku hizo ni za kalenda, sikukuu zikiwamo. Haki hiyo inafuata mkataba wa ajira, kwa hiyo mwenye mikataba miwili ana madai mawili, kila moja kwa kiwango cha ujira wa kazi ile.

Kwa mwenye duka, wiki 6 ni Sh 560,000. Mlinzi akimaliza siku zote 126, mzigo unafika Sh 1,260,000, mbali na malipo ya mlinzi wa muda. Kwa biashara ya mtaji mdogo, fedha hiyo ni vema ikatengwa mapema.

Hata hivyo, mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi 6 hana likizo ya malipo, ila wa msimu ameondolewa katika sharti hilo. Hivyo mlinzi aliyeajiriwa Julai anaweza kuukosa mshahara wa duka, huku ghala lililomchukua juzi tu likidaiwa! Kumwita "kibarua" pia si kinga. Aliyefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kinachomfunga mgonjwa ni cheti. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa, na kila mwajiri aonyeshwe chake. Si lazima kitoke kwa daktari aliyesajiliwa wa hospitali kama ya Nyangao. Cha mtabibu mwingine kinafaa mwajiri akikubali, naye hawezi kukikataa bila sababu ya maana. Mwenye cheti cha kutoinua mizigo anaweza kukaa mlangoni pa duka bila kosa. Mwenye cheti cha mapumziko kamili, akionekana ghalani, amejichongea kwa wote wawili.

Ugomvi mkubwa huja gunia linapomwangukia. Hapo ghala linapaswa kuripoti kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Sheria ya 2004 inamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa pale mgonjwa anapostahili malipo ya ugonjwa chini ya sheria nyingine, mfuko au mkataba wa hiari. Mwenye duka atajaribu kujificha humo, ingawa ajali haikutokea kwake. Kifungu hakitaji waajiri wawili, na mwenye kushauriwa vizuri angelipa sehemu yake kuliko kusubiri shauri.

Shauri lenyewe hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Anayesubiri korosho zimalizike kuuzwa ndipo adai, mara nyingi huwa amechelewa.