Maana Mbili za Kitenzi "Kupona"

Kitenzi kupona kina maana mbili, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yazitaja zote: kutokwa na ugonjwa, na kusalimika katika hatari. Aliyetoka hai katika basi lililopinduka husemwa kuwa amepona, ijapokuwa mguu umevunjika. Kwa kawaida muktadha huuondoa utata huo. Katika habari za Virusi vya UKIMWI (VVU), utata huohuo waweza kuua.

Jambo hili lina uzito zaidi Nyanda za Juu Kusini. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watu wazima Tanzania ni asilimia 4.4, bali Iringa ni yapata asilimia 11, na Mbeya zaidi ya 9. Nchi hiyo pia ni ya makanisa ya siku nyingi. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891.

Katika mahubiri ya uponyaji, kupona huchukua maana ya kwanza tu, nako hukaa jirani na kuokoka. Hapo ndipo aibu huzaliwa. Ikiwa ugonjwa ni adhabu ya dhambi, basi uponyaji ni dalili ya msamaha. Na yule anayeendelea kumeza vidonge baada ya kuombewa huonekana ama hana imani, ama hajasamehewa. Wengine huvificha vidonge, wengine huviacha. Mwaka 2011, maelfu walipofuata kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile huko Samunge, Loliondo, walikuwamo walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

Si haki, hata hivyo, kuyatupia makanisa lawama yote: mengi yana hospitali zitoazo dawa hizohizo. Tena lugha ya kliniki nayo ina mtego wake. Dawa huitwa za kufubaza, jina lililochaguliwa vema, kwa kuwa kilichofubaa kingali kipo. Lakini mgonjwa akiambiwa "virusi havionekani", ni rahisi asikie "havipo". Kweli, asiyeonekana na virusi hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi kwa wingi baada ya majuma machache. Amepona kwa maana ya pili, wala si kwa ile ya kwanza, na muuguzi hana budi kumwambia hivyo kwa maneno hayo.