Kitako cha Chombo cha Kijapani Husema Nini?

Nyumba za kale za mwambao, kama zile za Lamu, zilikuwa na zidaka ukutani, na humo vyombo vya kauri vilipangwa kwa mapambo. Vingi vilitoka Uchina. Lakini pengine mtu hurithi chombo cha maua akaambiwa ni cha Japani, tena cha miaka 300. Akitaka kukiuza, atajuaje haki yake? Hapana budi akipindue, atazame kitako.

Wajapani walianza kutengeneza kauri mapema karne ya 17, katika mji wa Arita, kisiwani Kyushu. Vyombo hivyo vilipakiwa bandari ya Imari, ndiyo sababu hadi leo huitwa kwa jina hilo. Waholanzi wakavichukua kutoka Nagasaki mpaka Ulaya.

Kwanza, soma maandishi. Ukiona neno "Nippon" kwa herufi za Kizungu, yamkini chombo ni cha baina ya 1891 na 1921. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa ziandikwe jina la nchi zitokako. Mwaka 1921 Wamarekani wakasema Nippon ni neno la Kijapani, basi liandikwe "Japan". Kilichoandikwa "Occupied Japan" ni cha baada ya vita, baina ya 1945 na 1952, nchi hiyo ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya kigeni.

Alama nazo humtaja fundi. Ua la okidi ni la Koransha, kampuni iliyoanzishwa Arita mwaka 1875. Mlima Fuji na kijito chake ni alama ya Fukagawa, iliyoanza 1894.

Lakini tahadhari! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vyombo vingi vya Arita vina jina la Chenghua, mfalme wa Uchina aliyetawala 1464 hadi 1487, kabla Wajapani hawajaanza kutengeneza kauri. Mafundi waliiga jina hilo kwa kuheshimu kazi ya Wachina. Na katika miaka ya karibuni walaghai wamepiga muhuri wa "Nippon" juu ya vyombo vipya. Hata kukosa maandishi si dalili ya ukale, kwani si kila chombo kilipelekwa Marekani.

Kwa hiyo tazama na kazi yenyewe. Buluu kali yenye kuelekea zambarau ni rangi ya viwanda vya Ulaya, iliyofika Arita karibu na 1870. Maua yanayofanana nukta kwa nukta yamepigwa chapa. Mkono wa binadamu haurudii hivyo. Na ukingo wa kitako, uliokaa juu ya meza miaka mingi, huwa umelika na kushika uchafu usiotoka kwa kuosha.

Maandishi, rangi na kitako vikikubaliana, hapo ndipo uzungumze bei. Vikipingana, usiuze wala usinunue kwa haraka, bali umwoneshe mjuzi asiyekitaka chombo hicho mwenyewe.