Sarafu za Waingereza Mjini Goma: Namna ya Kuzitambua na Kuyasikiliza Majina Yake

Pengine msomaji atastaajabu kuona mji wa Goma ukitajwa katika habari za sarafu za Kiingereza. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na fedha iliyotambuliwa na serikali yao ilikuwa faranga. Hata hivyo, mipaka ya fedha haikufuata kamwe mipaka ya bendera. Kutoka Goma hadi Gisenyi ni mwendo wa miguu, na njia ya Rutshuru huishia Bunagana, mlangoni mwa Uganda. Baina ya miaka ya 1920 na 1950 watu wengi wa Rwanda na wa sehemu za jirani walikwenda Buganda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, wakalipwa kwa shilingi. Waliporudi, shilingi zilirudi pamoja nao. Ndiyo sababu hadi leo mtu anaweza kuonyeshwa kopo la maziwa lenye vipande vya shaba vilivyoachwa na nyanya yake, bila mwenye kopo kujua ni vya nani wala vya lini.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanafunzi anayekutana na kopo kama hilo. Tunamfikiria zaidi mwanafunzi wa Kiswahili, kwani sarafu ni hati, na majina yake ni sehemu ya historia ya lugha yetu.

Tuanze na sarafu zenye tundu katikati, kwa kuwa ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Tundu peke yake halithibitishi kitu. Dola Huru la Kongo lilitoa sarafu za shaba zenye tundu tangu mwaka 1887, na Wabelgiji waliendelea na mtindo huo. Alama ya kutazama ni ile inayolizunguka tundu. Ikiwa ni nyota, sarafu ni ya Kongo. Ikiwa ni pembe za ndovu zilizopinda, sarafu ni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Baada ya hapo itazamwe rangi. Senti kumi nyeupe, yaani ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ni ya mwaka 1920 au kabla yake. Ile nyekundu inayoelekea weusi ni ya 1921 au baada yake. Yafaa ikumbukwe kwamba senti moja za kwanza zilifuliwa kwa aluminiamu, zikaliwa upesi na hali ya hewa, hata zikabadilishwa.

Katika sarafu hizi zenye tundu imo moja yenye kisa. Mfalme Edward wa Nane alitawala tangu Januari hadi Desemba 1936, kisha akakiacha kiti. Nchini mwake mwenyewe haikutolewa kwa watu hata sarafu moja yenye jina lake. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, kwani tundu lilichukua nafasi ya kichwa. Palihitajika jina tu. Kwa hiyo zilifuliwa na kutolewa kwa wingi, zikiwa na maneno EDWARDVS VIII. Mfalme asiye na peni London akawa nayo sokoni Kabale! Wauzaji hudai bei kubwa kwa sababu ya kisa hicho, ilhali sarafu yenyewe si adimu. Aidha, tusimchanganye na Edward wa Saba, aliyekufa mwaka 1910: sarafu za zama zake zimeandikwa jina la Afrika Mashariki pamoja na Himaya ya Uganda, hali zile za 1936 zimeandikwa Afrika Mashariki tu.

Sasa tuje kwenye shilingi, ambayo ndiyo inayowatia watu hasara. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliiondoa rupia, ikaleta florini, ambayo haikudumu. Mwaka uliofuata ikaja shilingi ya senti 100, yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi hii ni kubwa kuliko ile ya Uingereza: uzito wake hukaribia gramu 7.8, na ya Uingereza gramu 5.65. Mtu hudhani basi kwamba ina thamani zaidi. La! Tangu 1921 hadi 1946 robo yake tu ilikuwa fedha halisi, na zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe. Shilingi ya Uingereza, kwa upande wake, ilikuwa karibu fedha tupu kabla ya 1920, ikawa nusu fedha hadi 1946, kisha ikawa shaba na nikeli.

Hata kama mwaka umefutika, maneno ya Kilatini yanayoizunguka sura ya mfalme husaidia. Neno IMPERATOR likionekana baada ya jina la George wa Sita, sarafu ni ya 1946 au kabla yake. Baada ya Uhindi kupata uhuru mwaka 1947, cheo hicho kiliondolewa, yakabaki maneno GEORGIVS SEXTVS REX. Neno moja, basi, latutenganishia yenye fedha na isiyo nayo. Na akitokea mtu kukuuzia shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya Malkia Elizabeth, mshukuru, uende zako: sura yake imo katika nusu shilingi, haimo katika shilingi.

Herufi ndogo nazo zisipuuzwe. H ni alama ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton. SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Hizi mbili za mwisho huonekana katika sarafu za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pretoria hiyohiyo ilifua faranga 50 za Kongo zenye ndovu, za mwaka 1944. Hivyo shilingi na faranga zilizokutana mpakani huenda zilitoka katika kiwanda kimoja.

Tulisema kuna hasara. Chanzo chake kimojawapo ni lugha. Neno fedha, ambalo Kivu hutamkwa feza, lina maana ya madini na maana ya pesa. Mwuzaji wa Birere asemapo, “Hii ni feza ya zamani,” hasemi uongo. Ni pesa ya zamani kweli. Mnunuzi asikiaye madini hujidanganya mwenyewe. Kinyume chake pia hutokea: mama anayeuza rupia ya Malkia Victoria kwa mfua vyuma, akidhani ni pesa iliyokufa, hutoa zaidi ya gramu 10 za fedha halisi kwa bei ya sabuni.

Majina mengine nayo yana safari zake. Pesa ilitoka Uhindi, ambako 64 zilifanya rupia moja. Hela ni heller ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1904. Majeshi ya Kongo yalipoingia Tabora mwaka 1916 yalizikuta hela za shaba zilizofuliwa papo hapo kwa dhiki ya vita. Thumuni, nusu shilingi, hapo awali ilikuwa sehemu ya nane ya reale. Goma leo husema franga, na wazee hawajalisahau neno makuta la zama za Zaire. Mwenye kopo akisema “peni” kwa senti kumi, huenda jina hilo limesafiri pamoja na sarafu kutoka Uganda.

Kwa hiyo mkusanyaji aandike kwanza, ndipo anunue: sarafu ilikuwa kwa nani (ukoo na kijiji, si lazima jina), ililetwa kwa njia gani, na mwenyewe huiitaje. Asiisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu, maana hufuta herufi zilezile tulizozieleza. Aiweke katika bahasha ya karatasi kavu, mbali na unyevu wa ziwa. Aijaribu kwa sumaku: shilingi halisi hainaswi. Lava ya Nyiragongo iliunguza nyumba nyingi mjini Januari 2002, na mapigano ya Januari 2025 yaliwakimbiza watu tena. Makopo mengi hayakubebwa. Yaliyosalia yako kwa wazee, na wao ndio wa kuulizwa kwanza.