Mama mlinzi mwenye mimba: sheria inamlinda mpaka wapi?

Hapa Nyangwe mama mwenye mimba hakai bure. Anavuka Lualaba na mtumbwi, anabeba mihogo kichwani, anarudi kuteka maji. Ndiyo maana wengine wanashangaa tukiuliza: mama anayelinda geti ya kampuni, anaweza kuendelea na kazi akiwa na mimba?

Mimba si ugonjwa, lakini kazi hazilingane. Mlinzi anasimama masaa mengi, anakesha usiku, anafukuza mwizi, anaweza kusukumwa. Tumbo likikua, mgongo unauma, miguu inavimba, na kuanguka kunakuwa rahisi. Waganga wanaonya juu ya mambo matatu: kubeba vizito, kusimama siku nzima bila kupumuzika, na pigo la tumbo.

Mwenye kontra

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mimba haiwezi kuwa sababu ya kubagua mtu kazini. Patro hana ruhusa ya kuomba mwanamke kipimo cha mimba mbele ya kumuandika, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria inakataza wenye mimba, ao kazi zenye hatari inayojulikana kwa mama na mtoto.

Wakati wa kuzaa, mama ana haki ya kupumuzika wiki 14 zinazofuatana: 6 mbele ya kuzaa na 8 nyuma. Katika wiki hizo anapata sehemu mbili juu ya tatu za mshahara. Aliyekuwa anapata franga 300 000 kwa mwezi, anapata 200 000. Haki hiyo inabaki hata mtoto akifariki, na patro hawezi kuvunja kontra wakati huo. Akirudi kazini na ananyonyesha, ana nusu saa mara mbili kwa siku, na inalipwa kama kazi.

Sheria hiyo haihusu polisi wala askari. Wao wako na sheria yao, na mama polisi aulize wakubwa wake mapema.

Asiye na kontra

Sasa tuangalie upande wa Kabambare, kwenye machimbo ya zahabu. Kanuni ya mwenendo ya wachimbaji wadogo inakataza mama mwenye mimba kufanya kazi ndani ya machimbo. Maofisa wanaokagua machimbo wanaangalia pia kama watoto na wenye mimba wanatumikishwa. Kuna mahali katika inchi yetu ambapo katazo hilo liligeuzwa kuwa katazo la wanawake wote. Hapana, si vile: linahusu wenye mimba tu.

Lakini shida iko hapa: huyu mama anakatazwa kazi, na hakuna anayemlipa wiki 14. Ndiyo maana mwingine anafunga kikwembe vizuri, anaficha tumbo na kuendelea kusafisha mchanga. Akificha, hawezi kusema amechoka, na anachelewa kwenda CPN. Tena merikire, ile zebaki ya kushikanisha zahabu, moshi wake unaingia mwilini na kudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni.

Ufanye nini?

Nenda CPN mara tu unapojua una mimba. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri kuonana na muganga mara 8 kabla ya kuzaa.

Omba muganga akuandikie karatasi inayoeleza kazi usiyopaswa kufanya. Mpe patro, bakia na kopi. Usiombe kuacha kazi, omba kubadilishwa: kuandika wageni kwenye kitabu, kupekua wanawake, kushika simu, kulinda mchana na kiti karibu. Patro akikufukuza, peleka karatasi hiyo kwa inspekta wa kazi.

Wewe usiye na kontra, anza likelemba na wenzako toka mwezi wa kwanza, na upange zamu yako iangukie mwezi wa kuzaa. Usikae karibu na anayechoma merikire.

Na kwa wote: damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso ukivimba, homa ikipanda ao mtoto akiacha kucheza, acha kazi palepale uende kituo cha afya. Usingoje zamu iishe.