ADHD: Mizani ya jirani haipimi mzigo wako

Tuseme kuna mama anayeuza vitenge Arua. Asubuhi anafungua duka, anakumbuka deni analodai Koboko, anapanda taksi. Njiani anapata mtu wa sabuni, anaagiza maboksi ishirini papo hapo. Jioni anagundua karatasi ya deni aliiacha dukani, na pesa ya kodi imeishia kwenye sabuni. Jirani yake, waliyeanza naye kwa mtaji sawa, anajenga nyumba. Usiku mama anajiuliza: nina kasoro gani?

Si kila msahaulifu ana ADHD. Kukosa usingizi, mawazo na machungu ya vita pia huvuruga akili. Lakini mtu aliyekuwa hivi tangu utotoni, shuleni na nyumbani, huenda ana hali hiyo. Dalili zake huanza kabla ya miaka 12: kushindwa kutulia, kupoteza vitu, kuacha kazi katikati, kuamua kwa pupa. Si uvivu wala laana. Ni namna ubongo unavyofanya kazi, na mara nyingi hurithiwa. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa aina hii London mwaka 1902. Wasichana wengi hawatambuliwi, kwa kuwa wao huzama katika mawazo badala ya kurukaruka darasani.

Kujilinganisha nako kuna chanzo chake. Mwaka 1954 Mmarekani Leon Festinger alieleza kwamba mtu asiye na kipimo cha hakika hujipima kwa wanaofanana naye. Sokoni, kipimo hicho hudanganya: jirani huonyesha mali, haonyeshi madeni. Mwenye ADHD, aliyezoea kuambiwa "unaweza ila hujitahidi", huumia zaidi. Hatari kubwa ni kukopa haraka ili amfikie jirani. Hapo mtaji huteketea.

Njia zipo. Daftari liwe moja tu. Shilingi, faranga za Kongo na pauni za Sudan Kusini zikae mifuko mitatu tofauti. Kodi ya duka ashike mtu wa nyumbani anayeaminika. Karatasi za mpakani, pamoja na cheti rahisi cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikae mfuko mmoja usiotoka kwenye begi. Mzigo wa mkopo usiagizwe kabla ya kulala usiku mmoja. Na mwisho wa mwezi, hesabu ilinganishwe na ya mwezi uliopita, si na ya duka la pili.

Anayesumbuka amwone mhudumu wa afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Arua. Kampala kuna Butabika. ADHD haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini ushauri, na kwa wengine vidonge anavyoandika daktari, hupunguza makali yake.

Mama wa vitenge huenda asimfikie jirani mwaka huu. Akilipa kodi kwa wakati miezi mitatu mfululizo, amesonga mbele.