Jumuiya Ndogo Ndogo na Kazi Zake

Wenzangu wengi hapa shuleni, hasa wasio Wakatoliki, wamepata kuniuliza maana ya jumuiya, kwa kuwa hunisikia nikiitaja ninapoeleza habari za nyumbani. Wengine hudhani ni chama cha kukopeshana fedha, na wengine hudhani ni kwaya. Si hivyo. Basi, yafaa nieleze kwa ufupi ni kitu gani, kilianzaje, na kina faida gani.

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ni kikundi cha nyumba za majirani, aghalabu kumi au kumi na tano, zilizo katika mtaa mmoja au kijiji kimoja. Watu wake hukutana mara moja kwa juma, wala si kanisani, bali nyumbani kwa mmoja wao. Juma lifuatalo huenda kwa mwingine, hata nyumba zote zipate zamu, ya tajiri na ya maskini. Kila jumuiya ina mtakatifu msimamizi wake, na ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa na wanajumuiya wenyewe.

Asili ya jambo hili ni ya zamani sana. Wakristo wa kwanza hawakuwa na majengo ya kanisa, walikusanyika majumbani. Mtume Paulo katika barua zake alilisalimu kanisa lililokuwa nyumbani mwa Prisila na Akila, na lile la nyumbani mwa Filemoni. Katika nchi zetu, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973, wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo vya namna hii. Mwaka 1976 walikutana tena wakalithibitisha shauri hilo. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na watu mia kadhaa waliosali pamoja Jumapili waliweza kurudi makwao bila kujuana hata majina.

Mkutano wenyewe hauchukui muda mrefu. Jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizotungwa katika chuo cha Lumko, Afrika Kusini. Kwanza watu husali kumkaribisha Bwana. Pili husoma fungu la Injili. Tatu kila mmoja hutamka neno lililomgusa. Nne hunyamaza kimya. Tano huelezana walivyolipokea moyoni. Sita huulizana lipi la kutenda. Na saba hufunga kwa sala. Mimi naiona hatua ya sita kuwa kubwa kuliko zote, kwa maana hapo ndipo huulizwa: Nani mgonjwa? Nani amefiwa? Nani hatujamwona juma hili?

Mwaka jana baba yangu alilazwa hospitali majuma matatu, nami nilikuwa huku bwenini. Mama alikaa naye huko. Wanajumuiya waligawana zamu: hawa kuwapikia wadogo zangu, wale kupalilia mahindi yetu, na mwingine kulala nyumbani na watoto. Jirani yetu Mwislamu, asiye wa jumuiya, alipoona hivyo naye akawa anawaletea maji kwa baiskeli yake kila asubuhi. Baba aliporudi, shamba lilikuwa safi. Kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Lakini si haki kusifu tu. Jumuiya zina matatizo yake. Wanaohudhuria wengi ni akina mama. Wanaume huja kwa uchache, na sisi vijana zaidi ya hapo. Wako pia wanaoikumbuka jumuiya siku ile tu wanapotaka barua ya ndoa au ya ubatizo wa mtoto. Tena kuna jambo la michango. Kwetu ilikuwa desturi kusoma hadharani majina ya wasiolipa. Bibi mmoja mjane aliona haya, akaacha kuja. Mwenyekiti alikwenda kumwona, akamkuta hana hata chumvi. Tangu siku hiyo majina hayasomwi. Daftari analo mweka hazina peke yake, na asiye na fedha huleta kuni au nguvu zake. Maana kikundi kinachomfukuza mhitaji kwa sababu ya uhitaji wake, kimepoteza kazi yake.

Nimeandika haya kwa kuwa sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kuondoka. Wengi tutakwenda mijini kutafuta masomo au kazi, na huko mtu huweza kuugua siku tatu katika chumba cha kupanga, asijue mtu. Katika umati wa Jumapili asiyekuja haonekani. Katika nyumba kumi na tano huulizwa siku ile ile. Hiyo ndiyo faida ya udogo wake.

Kwa hiyo, wenzangu Wakatoliki, mkifika ugenini ulizeni mapema jumuiya ya mtaa inakutana wapi, mkajitambulishe kabla hamjapata shida. Nanyi wa madhehebu na dini nyingine, watafuteni wenzenu vivyo hivyo. Wazazi wetu nao, wanaposoma haya, watusaidie kwa kutuita twende nao tukiwa likizoni, wasituachie nyumba tuilinde.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne