Mnara wa simu jirani: Mkazi wa Kachibora ana siku ngapi za kupinga?

KAMPUNI inapotaka kusimamisha mnara wa simu katika mji kama Kachibora, kaunti ya Trans Nzoia, mara nyingi majirani hupata habari wakati shimo la msingi limeshachimbwa na lori la vyuma limeshawasili. Hapo ndipo malalamiko huanza. Wengine hukimbilia kwa chifu, wengine kwa diwani, na wengine husimama mbele ya lango na matawi mkononi.

Wakati huo huwa wamechelewa. Sheria za Kenya zimempa jirani nafasi kadhaa za kusema kabla mnara haujasimama, na nyingine za kukata rufaa baada ya idhini kutolewa. Lakini kila nafasi ina muda wake, na siku huhesabiwa awe mkazi ana habari au hana. Anayetaka kusikizwa hana budi kujua mlango upi hufunguka lini na hufungwa lini.

Kwa nini mnara huja karibu na makao

Kachibora ni makao makuu ya Trans Nzoia Mashariki, mji wa wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mashariki mwa Kitale na chini ya milima ya Cherangany. Mawimbi ya redio yanayobeba sauti na data za simu husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na milima na mabonde huyakinga. Mnara uliojengwa mbali na watu hauwafai watu hao, ndiyo maana wahandisi hutafuta mahali palipoinuka, karibu na soko, barabara na nyumba.

Faida yake si ndogo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu imekuwa ndiyo benki ya mwananchi wa mashambani. Aidha, katika mpango wa serikali wa mbolea ya bei nafuu wa tangu 2023, mkulima aliyesajiliwa hupokea idhini ya kununua mbolea kwa ujumbe wa simu. Katika eneo linaloitwa ghala la chakula la taifa, mtandao hafifu unaweza kumchelewesha mkulima msimu wa kupanda.

Kwa hivyo swali la busara si kama mnara uje au usije. Swali ni usimame wapi, kwa masharti gani, na nani aulizwe kabla ya uamuzi.

Idhini ya kaunti: Siku 60, kisha siku 14

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti jukumu la mipango na ustawi wa maeneo yake. Utekelezaji wake umeelezwa katika Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1996.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakuna anayeruhusiwa kuanza ujenzi au kubadilisha matumizi ya ardhi bila idhini ya waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi. Shamba la mahindi linapogeuzwa kuwa kituo cha mitambo ya simu, matumizi yake yamebadilika. Anayejenga bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Isitoshe, anaweza kuamriwa airejeshe ardhi katika hali yake ya awali.

Sheria hiyo pia inamtaka mwombaji autangazie umma mradi anaokusudia, na tangazo hilo liwaalike wananchi kuwasilisha pingamizi zao kwa waziri huyo wa kaunti. Huu ndio mlango wa kwanza na ulio mpana kuliko yote, kwa sababu pingamizi inayoandikwa wakati huu hupimwa kabla ya uamuzi. Afisa husika hutakiwa kutazama mpango wa ardhi ulioidhinishwa, maoni ya idara nyingine na maoni ya wananchi.

Kuna kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui. Mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, sheria huchukulia kwamba idhini imetolewa. Kwa maneno mengine, faili inayolala mezani katika ofisi za Kitale haimlindi jirani hata kidogo. Ukimya wa kaunti ni ruhusa kwa mjenzi. Ndiyo sababu mkazi mwenye pingamizi hapaswi kungoja aitwe. Anapaswa kuandika, kuwasilisha barua yake, na kudai nakala iliyopigwa mhuri wa tarehe.

Idhini ikitolewa, mtu yeyote mwenye maslahi aliyeudhika na uamuzi huo ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiza migogoro ya mipango ya ardhi. Kamati hiyo nayo hupewa siku 14 kuamua, na asiyeridhika huelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni wiki mbili tu, na hapo mtu bado anatafuta nakala ya uamuzi, wakili na nauli.

Leseni ya NEMA

Idhini ya kaunti pekee haitoshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 inadai kwamba mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe tathmini na upewe leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) kabla ya ujenzi kuanza. Tangu 2019, miradi hupangwa katika makundi ya hatari ndogo, ya wastani na kubwa, na kiasi cha uchunguzi hutegemea kundi.

Mtaalamu aliyekodiwa na kampuni huandaa ripoti, na kwa kawaida huwatembelea majirani akiwa na fomu ya maswali. Fomu hiyo ndiyo huja kuonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba wananchi walishauriwa. Mkazi anayeitia sahihi bila kuisoma, au anayeiacha nafasi ya maoni ikiwa tupu, anaweza kukuta jina lake limeorodheshwa miongoni mwa waliokubali. Mwenye wasiwasi anafaa kuuandika papo hapo, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuipiga picha fomu kabla ya kuirudisha.

Mwananchi pia ana haki ya kuomba kuisoma ripoti yenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba humhakikishia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nacho kifungu cha 42 humhakikishia mazingira safi na salama. Leseni ikitolewa na asiridhike, anaweza kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira katika muda wa siku 60.

Mbali na NEMA, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) huangalia urefu wa mnara usije ukahatarisha ndege, nayo Mamlaka ya Mawasiliano (CA) husimamia leseni za kampuni za simu na matumizi ya masafa. Mkazi ana haki ya kuuliza zilipo stakabadhi za kila mmoja wao.

Hofu ya saratani

Katika mikutano mingi kuhusu minara, neno la kwanza kutajwa huwa saratani. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, lakini ni vyema ipimwe kwa yale yanayojulikana.

Mei 2011, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Katika kundi hilo mmo pia dondoo la jani zima la mshubiri. Ushahidi uliotazamwa zaidi ulihusu watu wanaobana simu sikioni kwa muda mrefu, bali ushahidi kuhusu mawimbi ya mazingira, yakiwemo ya minara, ulionekana kuwa haba mno kutolea uamuzi.

Nguvu ya mawimbi hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea mbali: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hubaki robo. Antena nazo huelekeza mawimbi mbele kuliko chini, kwa hivyo aliye chini kabisa ya mnara si lazima awe ndiye anayepokea mengi. Kiwango cha kimataifa kwa umma katika masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa kila mita mraba. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango vya kimataifa. Zaidi ya hayo, simu iliyo mbali na mnara hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi, na simu hiyo ndiyo iliyo karibu na kichwa.

Mataifa mengine yalishapitia mjadala huu. Marekani, kwa sheria ya mawasiliano ya 1996, ilizizuia serikali za mitaa kukataa mnara kwa sababu ya athari za mawimbi mradi viwango vya taifa vimezingatiwa, ingawa ziliachiwa uwezo wa kuamua mahali unapojengwa. Nchini Uingereza, kamati ya wataalamu iliyoongozwa na William Stewart ilipendekeza mwaka 2000 kwamba sehemu yenye mawimbi makali zaidi isielekezwe kwenye uwanja wa shule bila ridhaa ya shule na wazazi.

Funzo kwa mkazi wa Kachibora ni kwamba pingamizi iliyojengwa juu ya saratani pekee ina nafasi ndogo ya kushinda. Lakini anaweza kudai kwa haki kwamba mawimbi yapimwe mara mnara unapowashwa, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi.

Hoja zenye uzito

Yapo mambo ambayo afisa wa mipango hawezi kuyapuuza kwa urahisi. La kwanza ni umbali. Mnara ukianguka, utaangukia wapi? Ramani ya mradi yapasa kuonyesha nyumba, shule, makanisa na nyaya za umeme zilizo jirani.

La pili ni kelele. Mahali ambapo umeme hukatika, mnara huendeshwa kwa jenereta ya diseli. Kanuni za kelele za 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za kuishi. Jenereta isiyofunikwa vyema huvuka kikomo hicho kwa urahisi. Mkazi anaweza kuomba sharti la kutumia nishati ya jua na betri, au la kuizingira jenereta kwa kifaa cha kuzuia sauti.

La tatu ni mafuta. Diseli inayovuja huingia ardhini na kufika visimani. La nne ni radi: mnara ni chuma kirefu, na waya wa kuipeleka radi ardhini lazima uwe umetiwa sawasawa. La tano ni viumbe. Trans Nzoia ndiyo yenye chepechepe ya Saiwa, hifadhi ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, inayojulikana kwa swala aina ya nzohe na kwa korongo wenye taji. Mnara ulio karibu na ardhi oevu yenye ndege wengi unahitaji uchunguzi wa ziada.

La sita ni kama mnara huo unahitajika. Leo minara mingi humilikiwa na kampuni zinazoikodisha kwa watoa huduma kadhaa. Kukiwa na mnara mwingine karibu, mkazi anaweza kuuliza kwa nini antena mpya isitundikwe kwenye huo uliopo.

Mwenye shamba naye ajihadhari

Kodi ya kila mwaka humvutia mwenye kipande, na majirani humwona kuwa amewasaliti. Naye pia ana ya kuchunguza. Ikiwa kipande ni ardhi ya kilimo, mkataba wa kukikodisha unahitaji ridhaa ya bodi ya ardhi, na ombi hutakiwa kuwasilishwa katika muda wa miezi sita tangu makubaliano. Bila ridhaa hiyo, mkataba ni batili.

Katika Trans Nzoia, ambako mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na makundi ya wananchi kisha yakagawanywa, hatimiliki ya kipande huenda bado ina jina la marehemu babu au la kampuni ya wanachama. Kukodisha ardhi ya namna hiyo bila kuwashirikisha mke, ndugu na warithi ni kuipanda mbegu ya kesi. Vilevile mkataba useme wazi nani atauondoa mnara na zege lake muda utakapokwisha, na nani atalipa hasara mafuta yakimwagika.

Barua yenye nguvu, basi, hutaja nambari ya kipande, umbali wa kila nyumba, sababu moja moja na sharti linaloombwa, ikiwa na majina na sahihi za walioathirika. Nakala moja huenda kwa kaunti, nyingine kwa ofisi ya NEMA, na ya tatu hubaki nyumbani ikiwa na mhuri. Ikifika ndani ya muda, ofisi zote mbili zitakuwa na maoni ya jirani kwenye faili kabla ya kuamua, naye atakuwa na ushahidi mkononi ikibidi aende kwenye rufaa.